Maji ya bomba yamerudi na rangi ya tope baada ya mvua: yapi tuchemshe, yapi tutumie hivyohivyo?

Mkazi wa Chikongola

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Chikongola, hapa Mtwara mjini, katika nyumba ya kupanga yenye familia nne zinazotumia bomba moja la uani. Wiki hii maji yalikatika kwa siku tatu mfululizo, na katika siku mbili kati ya hizo mvua ilinyesha hadi mtaro wa mbele ya nyumba ukafurika na kuingia uani. Jana alfajiri maji yalirudi, lakini yalitoka kwa kukatakata, yakiwa na rangi kama ya chai na harufu ya udongo. Baada ya robo saa hivi yakaanza kuwa meupe, na majirani wakaanza kukinga ndoo na madumu yao kama kawaida, kwa maelezo kwamba maji yakishakuwa meupe hayana neno.

Mimi sikuridhika. Nina mtoto wa miezi minane ambaye bado ananyonya na ameanza uji, nina mwingine wa darasa la pili, na ninaishi na mama mkwe wangu ambaye amevuka miaka 70. Maji ya kunywa nimezoea kuyachemsha tangu zamani. Kinachonisumbua ni matumizi mengine ambayo hatuyahesabu: kupiga mswaki, kuosha nyanya na vitunguu vya kachumbari, kusuuza vyombo, kumwogesha mtoto ambaye kila akikaa kwenye beseni hunywa maji yake, na udhu wa mama mkwe, ambaye husukutua mara tano kwa siku. Je, hayo yote yanahitaji maji yaliyochemshwa? Nikichemsha kila tone, mkaa wa mwezi mzima utaisha katika wiki mbili. Vilevile ningependa kujua yachemke kwa muda gani, kwa sababu kila ninayemwuliza ananitajia dakika zake.

Muuguzi Mstaafu, Lindi

Mwanangu, umefanya vizuri kutoridhika. Weupe wa maji hukueleza jambo moja tu, kwamba tope limepungua. Vimelea vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu na vya homa ya ini ya aina A na E havionekani kwa macho wala havibadilishi ladha, na glasi ya maji yanayong'aa inaweza kuwa navyo. Katika nyumba ambayo mtaro umefurika na bomba limekaa tupu siku tatu, hesabu kwamba maji yamechafuka mpaka utakapopata taarifa kutoka kwa wahusika kwamba yamepimwa.

Nianze na dakika, kwa kuwa hapo ndipo mkaa wako unapopotelea. Maji yakishatokota kabisa, yaani mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na hayatulii hata ukikoroga, yaache dakika moja kisha uyaepue. Muda huo unatosha kuua bakteria, virusi na vimelea vya amiba. Dakika tatu zinahitajika katika sehemu zilizo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa mfano uwanda wa Kitulo, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Sisi wa Mtwara na Lindi tuko ufukweni. Anayechemsha kwa dakika 20 anachoma mkaa bila faida ya ziada, na wengi wa aina hiyo nimewaona wakichoka baada ya wiki moja na kuacha kuchemsha kabisa, jambo ambalo ni baya kuliko yote.

Kuhusu matumizi, gawa maji yako kwa kuangalia kama yataingia mdomoni au hayataingia. Yanayoingia mdomoni ni ya kunywa, ya mswaki, ya kuoshea matunda na mboga zinazoliwa mbichi, ya kusukutua, ya juisi na ya barafu. Haya yote yawe yametibiwa. Barafu naisisitiza kwa makusudi, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba baridi huua vimelea, wakati ukweli ni kwamba huvihifadhi tu mpaka barafu iyeyuke kwenye glasi ya mtoto. Kwa hiyo zile barafu za vifuko anazonunua mwanafunzi wako njiani, mzuie kwa sasa. Kachumbari nayo ingeweza kusubiri siku chache, ukaunga mboga za kupika.

Usichemshe mara mbili. Maji ya ugali, wali, maharage, chai na uji hutokota chunguni kwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuyachemsha kwanza. Maji ya kufulia, kudekia na chooni yatumie kama yalivyo. Kuoga kwa mtu mzima hakuna shida mradi asiyameze na asiwe na kidonda kibichi. Huyo wa miezi minane mwogeshe kwa maji yaliyotibiwa, kidogo tu ndani ya beseni, au mfute kwa kitambaa mpaka hali itulie. Mama mkwe wako mjazie birika lake maji yaliyotibiwa, maana udhu mmoja hauhitaji maji mengi, na hapo kusukutua na kupandisha maji puani kutakuwa salama bila kumwekea mzee masharti yanayomsumbua katika ibada yake.

Vyombo vioshe kwa sabuni, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotibiwa, kisha vianikwe kwenye kichanja juani vikauke vyenyewe. Kitambaa cha kufutia vyombo kinachoning'inia jikoni siku nne hurudisha uchafu wote ulioutoa.

Mwisho, endelea kunyonyesha. Na kama kuna jirani mwenye mtoto wa chini ya miezi sita, mwambie kwamba mtoto huyo hahitaji maji ya kunywa hata kwenye joto letu la Januari, kwa kuwa maziwa ya mama yanamtosha.

Mjukuu wa Newala

Naunga mkono aliyoyasema mama yetu hapo juu, lakini kwa mtu anayelia mkaa kuna njia ya pili ambayo sisi wa uwanda wa Makonde tumeizoea, kwa kuwa huku maji ya bomba hupandishwa kutoka visima vya bondeni na yakikosekana tunarudi kwenye maji ya mvua na malambo.

Njia hiyo ni dawa ya klorini, ile ya vidonge kama WaterGuard au ya maji kwenye chupa. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kitu chochote. Kidonge kilichotengenezwa kwa lita 20 ni cha ndoo kubwa iliyojaa. Ukikiweka kwenye ndoo ya lita 10 maji yatakuwa makali, na ukikigawa kwenye pipa hakitafanya kazi. Koroga, funika, subiri nusu saa nzima kabla ya kunywa. Baada ya nusu saa maji yanapaswa kuwa na harufu hafifu ya dawa, na harufu hiyo ndiyo dalili kwamba dawa bado imo. Ikiwa hakuna harufu kabisa, uchafu umeila dawa yote, hivyo unarudia kipimo na kusubiri tena.

Hapo ndipo tope linapokuwa adui. Maji yenye tope humaliza klorini kabla haijafika kwa vimelea. Yaache yatulie usiku, yamimine taratibu, kisha yachuje kwa kanga kuukuu safi iliyokunjwa mara nne. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji ya mabwawa na mito kwa sari kuukuu zilizokunjwa hivyo vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vimelea vyake hushikamana na wadudu wadogo sana wa majini ambao kitambaa huwazuia. Kwa maji ya bomba kitambaa kitatoa tope tu, kwa hiyo kuchuja kusikufanye uache dawa. Bibi yangu hutumia pia unga wa mbegu za mlonge, ambao hukusanya tope na kulizamisha chini. Unafanya kazi kweli, ila maji hayo nayo lazima yatibiwe na yasikae zaidi ya siku moja.

Siku ukikosa mkaa na vidonge, tumia jua. Jaza maji meupe kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zilaze juu ya bati tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kama mawingu yametanda zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili mfululizo, na siku ya mvua ya kutwa usiitegemee njia hii. Kujua kama maji ni meupe kiasi cha kutosha, simamisha chupa juu ya gazeti na utazame kutoka juu kupitia mdomo wake. Kama huwezi kusoma maandishi makubwa ya kichwa cha habari, maji hayo hayajawa tayari kwa jua.

Baba wa Mikindani

Samahani, ndugu. Mimi ninashindwa kuikubali dawa hiyo. Harufu yake inanichukiza, na mtaani kwetu watu husema inaharibu uzazi. Huwa nachemsha, namimina kwenye mtungi wa udongo, yanapoa vizuri, na tunachota kwa kopo. Je, kuna kasoro?

Muuguzi Mstaafu, Lindi

Ndugu yangu, hakuna kosa katika kuchagua kuchemsha. Habari ya uzazi haina ukweli. Klorini katika kipimo cha kunywa imetumika kwenye mabomba ya miji mikubwa ya dunia kwa zaidi ya miaka 100, na nyumba nyingi zinazopata maji ya bomba zimekuwa zikiinywa bila kujua. Harufu hupungua ukiyaacha maji wazi kidogo kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa safi.

Kasoro iko kwenye kopo. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Yakishapoa, mkono mmoja usiooshwa ukizama nalo mtungini huyarudisha pale yalipokuwa kabla ya kuchemshwa, na katika kazi yangu nimezikuta familia zilizochemsha kwa bidii zikaugua kwa sababu hiyo hiyo. Ukitumia mtungi, tafuta kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa mahali pake na isiyonywewa moja kwa moja, na usugue mtungi kila unapokwisha. Bora zaidi ni ndoo yenye mfuniko na koki ubavuni, au dumu la mdomo mwembamba ambalo mkono hauwezi kuingia, unamimina tu. Aliyetia dawa ana nafuu hapo, kwa kuwa klorini inayobaki hupambana na uchafu mdogo utakaoingia baadaye, ingawa nayo huisha, na maji hayo ni vyema yatumike ndani ya saa 24.

Fundi Bomba, Mtwara

Wenzangu wameeleza ya jikoni vizuri. Niruhusuni nieleze ya uani, kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoitwa, uchafu haukutoka mbali; uliingilia palepale.

Bomba lenye maji muda wote lina msukumo kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na ufa, maji huvuja kwenda nje, na tope haliwezi kuingia. Maji yakikatika, msukumo huo hufa, na wakati bomba linajimwaga kuelekea mteremkoni, ufa uleule hugeuka mdomo unaonyonya kilichopo nje yake. Kama nje kuna mtaro uliofurika au shimo la choo lililojaa maji ya mvua, hicho ndicho kitakachonyonywa. Kwa hiyo ule uvujaji mdogo mliouzoea kando ya mita, ambao watoto huuchezea, utolewe taarifa mapema bila kusubiri uwe mkubwa.

Sasa mpira. Nyumba yenye familia nne na bomba moja kwa kawaida ina mpira uliovalishwa bombani, na mwisho wake umelala ndani ya beseni la nguo au pipa. Maji yakikatika wakati koki iko wazi, mpira ule hunyonya maji ya sabuni na kinyesi cha nepi kurudi ndani ya bomba, na maji yakirudi asubuhi, wa kwanza kukinga ndiye atakayeyapata. Mwisho wa mpira uning'inie juu ya ukingo wa chombo, usizame kamwe, na mkimaliza mtoe mpira wote na kufunga koki. Jambo hili halina gharama yoyote, na kati ya yote niliyoyaona kwa miaka 19 ya kazi hii ndilo ninalolisema kwa kila mteja. Vivyo hivyo kwa wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kuvuta maji yanapokuwa machache: pampu ile huvuta maji ya jirani, na huvuta pia kupitia kila ufa uliopo njiani.

Maji yanaporudi baada ya mgao, usikinge ya mwanzo kwa ajili ya kunywa. Fungulia bomba lililo karibu na mita, yaache yatoke mpaka yawe meupe na yakae hivyo kwa dakika kadhaa, huku ukiyakinga hayo ya mwanzo kwa ajili ya choo na bustani. Mwenye simtanki afunge koki ya kuingizia kabla ya kulala siku za mgao, ili tope la alfajiri lisipande juu. Tope likishaingia hutuama chini ya tenki na kukaa miezi, na kila maji yakipungua linachanganyika upya. Tenki la namna hiyo limwagwe lote, lisuguliwe, litiwe maji yenye klorini kali yakae usiku kucha, kisha yamwagwe kabla ya kujaza. Kama ni tenki la chini ya ardhi, kagua mfuniko wake. Mvua za juzi zimepita juu ya vifuniko vingi.

Naongeza tahadhari moja ambayo haijatajwa. Kuchemsha na klorini ni kwa vimelea. Maji yenye harufu ya dizeli, petroli au rangi ya nyumba usiyachemshe. Nilimkuta mteja mmoja ambaye bomba lake la plastiki lilipita chini ya sehemu ya jenereta palipomwagika mafuta kwa muda mrefu, nayo mafuta hupenya plastiki polepole hata bila ufa. Alikuwa akichemsha kila siku, jiko zima likinuka. Maji ya aina hiyo usinywe, usipikie wala usiogee. Chukua ya sehemu nyingine na utoe taarifa kwa mamlaka ya maji mara moja. Na wanaokimbilia visima vya karibu na bahari maji ya bomba yakikatika wajue kwamba chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani, chumvi huzidi kukolea.

Mkazi wa Chikongola

Shikamoo mama, na nawashukuru wote. Nimeanza leo. Nimetenga ndoo mbili za koki, moja ya maji yaliyochemshwa na nyingine ya yaliyotiwa dawa, na mama mkwe ameshapata birika lake. Nilipotoka uani baada ya kusoma maelezo ya fundi, nimeukuta mpira ukiwa umezama ndani ya pipa la nguo za jirani. Tumeutoa, na jioni hii tumekubaliana familia zote nne kwamba hautaachwa bombani tena.

Lakini nina jambo la haraka. Mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, anaharisha tangu mchana. Mama yake anasema ameshaenda mara nane, na sasa yanatoka maji matupu kama ya kuoshea mchele. Anatapika pia. Amemzuia kunywa ili kuharisha kupungue.

Muuguzi Mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu. Mwambie mama yake aanze kumpa maji sasa hivi. Kumzuia ndiko kutakakomdhuru. Kama mna pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayeharisha, ichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maji yawe yaliyochemshwa na kupoa. Kama hamna, chukua lita moja ya maji hayo, sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa na chumvi nusu ya kijiko kidogo, ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi. Mpe kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, na akitapika subirini dakika kumi kisha endeleeni taratibu zaidi. Kila akiharisha apate kati ya mililita 100 na 200.

Hata hivyo, kwa hayo uliyoyaeleza, maji kama ya mchele na kutapika ndani ya nusu siku, msingoje asubuhi. Tazama kama macho yameingia ndani, kama analegea, kama hajakojoa tangu mchana, na kama ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Awe na dalili hizo au asiwe nazo, mpelekeni hospitali ya Ligula usiku huu huku mkimpa maji njiani, na mweleze mhudumu kwamba mtaa wenu umepata maji machafu, ili wajue mapema. Kama hakuna usafiri pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, mpate maelekezo. Nguo na kinyesi chake mvishike kwa uangalifu, na kila aliyemgusa anawe kwa sabuni kabla ya kugusa ndoo za maji.

Mkazi wa Chikongola

Nimesoma. Bajaji imefika, mama yake amembeba, na chupa ya maji ya chumvi na sukari ninayo mimi. Amekunywa vijiko kumi na havijatoka.